Yai la Kitabu na Yai la Leo

Siku ya Wazazi iliyopita nilikuja shuleni pamoja na wanafunzi wa zamani wengine, nasi tukatembezwa kila mahali kama ilivyo desturi: maabara, bweni jipya, shamba la migomba, na mwisho chumba ambamo Chama cha Mapishi walikuwa wameandaa meza yao. Juu ya meza ile palikuwa na keki kubwa. Pembeni ilikuwa imeinuka vizuri na kupata rangi, lakini katikati ilikuwa imebonyea kama bonde, na kisu kilipopita kilitoka kimelowa. Vijana waliokuwa mlangoni walicheka. Mmoja alisema keki hii ina ziwa, huenda mna samaki ndani. Katibu wa Chama, kijana wa kidato cha tatu, aliinamisha kichwa asijibu neno.

Nilimwuliza amefuata maelezo gani. Akanionyesha kitabu cha zamani cha maktaba, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, akaapa kwamba hakuzidisha wala hakupunguza hata kijiko kimoja. Siagi ratili moja, sukari ratili moja, unga ratili moja, mayai 10. Kwa kuwa dukani hakuna ratili tena, alichukua nusu kilo ya kila kitu, na mayai akayahesabu kama yalivyoandikwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi akakata shauri papo hapo: vitabu hivi vya wakati wa ukoloni vimekwisha kazi yake, vitupwe. Mzazi mwingine akasema kinyume chake, kwamba kitabu hakina kosa lo lote, ila vijana wa siku hizi hawana mikono ya kazi.

Mimi nasema wote wawili walikosea, na ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi hii. Kitabu hakikukosa, wala kijana hakukosa. Kilichobadilika ni yai.

Najua wako watakaouliza, karani wa ghala la kahawa ana habari gani za keki? Nami nitawajibu kwamba kazi yangu ni mizani. Kila msimu naketi mbele ya mizani, na wakulima huleta kahawa yao katika magunia, wala hakuna hata mmoja anayelipwa kwa hesabu ya magunia. Gunia laweza kushindiliwa au kulegezwa, na kahawa yaweza kuwa kavu au ikawa bado na maji. Mtu akiniambia ameleta magunia 10 nampa pole kwa safari, kisha namwomba ayapandishe kwenye mizani. Lakini mtu yule yule akiingia jikoni na kusoma "mayai 10", atavunja mayai 10 bila swali, kana kwamba kuku wote wa dunia wametoka kiwanda kimoja.

Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka jambo hili liliponipata nyumbani kwetu.

Mama yangu alijifunza mapishi na ushonaji mwaka 1966, alipokuwa msichana, kwa masista wa misheni iliyokuwa karibu na kwao. Daftari lake analo hata leo, limeshonwa upya mara mbili kwa uzi wa gunia. Keki yake ya Krismasi imeandikwa hivi: siagi nusu ratili, sukari nusu ratili, unga nusu ratili, mayai 6. Hatukuwa na oveni. Alichukua sufuria kubwa, akatia mchanga chini, akaweka sufuria ndogo yenye keki ndani yake, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu ya bati. Mayai yalitoka kwa kuku wetu wenyewe waliolala chini ya ghala ya mahindi. Sisi watoto tulikatazwa kukimbia karibu na sigiri isije keki ikashtuka, na keki haikushtuka hata mwaka mmoja.

Kisha kideri ikapita kijijini ikaua kuku wote, nasi tukaanza kununua mayai kwa trei, yale makubwa ya kuku wa kisasa. Krismasi ile keki ililala. Mwaka wa pili ililala tena, ikawa nzito na ya kuvutika kama kimanda kilichotiwa sukari. Mama akasema makaa yalikuwa mabaya. Mwaka wa tatu, ilipolala mara nyingine, hakusema juu ya makaa tena. Alisema, "Mwanangu, mikono yangu imezeeka." Tangu siku ile aliacha kuoka. Tena, na hili ndilo lililoniuma, alianza kujitilia shaka katika mambo mengine. Alimwita mjukuu aonje chumvi ya mchuzi ambao yeye amekuwa akiupika miaka hamsini. Alimpa jirani kitambaa akate, naye alikuwa fundi wa kukata nguo kwa macho tu.

Siku moja nilikuwa nimeazima mizani ndogo ya dukani kwa kazi nyingine, nikaiona imekaa bure mezani. Nikatwaa mayai 6 ya trei nikayapima pamoja na maganda yake. Yalikuwa gramu 372. Kisha nikaenda kwa jirani aliyekuwa amebakiwa na kuku wa kienyeji, nikaomba mayai 6, nikayapima. Gramu 246. Basi nikakaa kitako na kalamu. Nusu ratili ni gramu 227. Mayai 6 ya kienyeji yana uzito unaoelekea kabisa kuwa nusu ratili, yaani daftari la Mama lilikuwa likisema siagi, sukari, unga na mayai viwe sawa sawa kwa uzito. Lakini mayai 6 ya trei ni zaidi ya nusu ratili kwa gramu 145. Ni kama mtu angekuja nyuma ya Mama kila Krismasi akamimina mayai mawili zaidi ndani ya bakuli, naye asimwone!

Keki ya namna hii Waingereza huiita kwa jina la ratili, kwa sababu kila kitu ndani yake ni ratili moja. Hannah Glasse aliiandika katika kitabu chake mwaka 1747, na huyo alitaka mayai 12, ila nusu ya ute uondolewe, kisha mchanganyiko upigwe kwa mkono muda wa saa nzima, maana wakati huo beking pauda haijavumbuliwa. Katika vitabu vingine vya zamani utaona mayai 8, au 10, kwa ratili ile ile moja. Wanafunzi hufikiri waandishi hao walibishana. Hawakubishana. Kila mmoja aliandika hesabu ya mayai ya kuku aliokuwa nao, na wote walikuwa wakitafuta uzito mmoja. Hesabu ni nguo tu, mwili wake ni uzito.

Sasa turudi kwa Katibu na ziwa lake. Mayai 10 ya trei, kwa kipimo changu, ni gramu 620. Yeye alitia unga gramu 500. Kitabu chake kilitaka mayai yasiyozidi ratili, yaani gramu 454, na hapo yai moja lingekuwa na uzito wa gramu 45 hivi, yai linalokaribia sana la kienyeji chetu. Kwa nusu kilo ya unga alihitaji mayai 8 tu ya trei. Kijana huyu alichekwa kwa ajili ya mayai mawili.

Kwa sababu kitabu kile hakina kurasa za mwanzo, niliulizwa nimejuaje kwamba ni cha Uingereza. Ni rahisi. Kitabu cha Uingereza cha zamani hupima unga kwa ratili na wakia, cha Marekani hupima kwa vikombe. Mazoea hayo ya Marekani yalitiwa nguvu na Fannie Farmer wa Boston, ambaye kitabu chake cha mwaka 1896 kiliwafundisha watu kusawazisha kikombe na kijiko kwa kisu ili kila mtu apate kipimo kimoja. Yafaa sana kujua kitabu kimetoka wapi, kwa maana hata maneno yanayofanana hayana ujazo mmoja. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya vipimo vipya, lakini Marekani ikabaki na galoni yake ya zamani. Kwa hiyo painti ya Uingereza ni mililita 568, na ya Marekani ni mililita 473. Ukitia maziwa painti moja ya Uingereza katika mapishi ya Marekani umezidisha mililita 95, na mkate wako utakuwa uji.

Na kikombe je? Kikombe cha kitabu cha Marekani ni mililita 237. Hapa kwetu Uganda mwanafunzi akiambiwa alete kikombe ataleta tumpeko, kile kikombe chenye mkono kilichopata jina lake kutoka kwa kiwanda kilichokitengeneza, nacho huchukua karibu nusu lita. Basi vikombe viwili vya kitabu havifikii hata tumpeko moja. Tena siku hizi watu huita tumpeko cho chote cha plastiki chenye mkono, kikubwa au kidogo. Sokoni nimeona muuza karanga mwenye tumpeko mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, na sina haja ya kuwaambia ipi ni kubwa.

Katika nyama mambo yamekwenda mbali kuliko mayai. Kitabu cha zamani husema "kuku mmoja" kisha hutaja maji, chumvi, na saa mbili za kuchemsha. Ni kuku gani? Huko Canada, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta walifuga pamoja kuku wa nyama wa aina tatu: mbegu iliyohifadhiwa tangu mwaka 1957, nyingine ya mwaka 1978, na ya tatu ya mwaka 2005. Wote walilishwa chakula kimoja. Walipofikia siku 56, yule wa mwaka 1957 alikuwa na uzito wa gramu 905, wa mwaka 1978 gramu 1,808, na wa mwaka 2005 gramu 4,202. Basi "kuku mmoja" wa kitabu cha miaka ya 1950 si "kuku mmoja" wa leo hata kidogo. Ukimtia kuku wa leo katika maji na chumvi ya yule wa zamani atakuwa chapwa, na ukimchemsha saa mbili, kwa kuwa ni mchanga na mlaini, utampakua kwa kijiko. Kwa upande mwingine, atakayechukua jogoo wa kienyeji na kufuata kitabu kipya kinachosema dakika 40, na awaombe wageni wake radhi mapema.

Vingine vimekua na vingine vimepungua. Vile vya pakiti na makopo hupungua kimya kimya, bei ikikaa pale pale. Marekani akina mama wengi waliandika mapishi yao kwa kusema "kisanduku kimoja cha unga wa keki", na kisanduku hicho kilikuwa wakia 18 na robo, karibu gramu 517. Leo visanduku vingi ni wakia 15 na robo, gramu 432, na vingine vimeshuka zaidi. Mapishi ya bibi ya mwaka 1985 hayakai tena, na mwenye kuyapika hulazimika kufungua kisanduku cha pili achote vijiko kadhaa vya kuongezea. Sisi hatuna haja ya kuwacheka, maana kila mmoja wetu anajua mkate na sabuni vilivyokuwa alipokuwa mtoto.

Nimeeleza habari hizi kwa rafiki zangu, na wako walioniambia kwamba ni mambo ya Kizungu, kwamba bibi zetu hawakupima kitu, walipika kwa mkono na moyo. Sikubali. Bibi yangu mzaa baba alichota unga kwa kibuyu kimoja miaka yote niliyomjua, na maji kwa chungu kimoja, na kibuyu kilipopasuka alikaa siku nyingi akinung'unika mpaka akapata kingine cha kimo kile kile. Kama huko si kupima, ni nini? Kila mwanafunzi wa Kiswahili katika shule hii ameandika insha juu ya haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni wangapi waliowahi kushika kibaba? Kilikuwa kipimo cha kweli huko pwani, vinne hufanya pishi moja. Tumebaki na methali, chombo kimepotea. Hali kadhalika daftari za mama zetu zitabaki na hesabu, na yai lenyewe likawa limepotea.

Kwa hiyo nawapinga wanaotaka vitabu vya zamani vitupwe, na nawapinga pia wanaotaka vifuatwe neno kwa neno kama sheria ya barabarani. Kinachostahili kushikwa ni uwiano. Ikiwa ni keki, weka mayai pamoja na maganda yake juu ya mizani kwanza, kisha pima siagi, sukari na unga kwa uzito huo huo. Hapo hutahitaji kujua kuku alikuwa wa Kampala au wa London, wala mwaka gani. Ikiwa yai la mwisho limezidi, livunje katika kikombe, lipige, na utie nusu yake. Sufuria nayo iangaliwe, kwa maana keki iliyozidi kimo itaungua nje kabla haijaiva ndani. Sisemi kwamba kila chakula kidaiwe hesabu namna hii. Mchuzi husamehe, na matoke husamehe zaidi. Keki na mkate havisamehi.

Tena nawasihi Chama cha Mapishi msifute kitu katika kitabu kile. Niliona mmoja wenu ameshika kalamu ya wino tayari kusahihisha 10 iwe 8. Asifanye hivyo. Andikeni kwa penseli pembeni: mayai ya trei 8, ya kienyeji 12, kwa nusu kilo. Ile 10 ya zamani iachwe mahali pake, kwa kuwa ndiyo inayotuambia yai la mwandishi lilikuwa na uzito gani. Mkiifuta, mtu wa mwaka 2080 mwenye kuku wa ajabu atahesabu kwa kutumia nini?

Na likizo ijayo, kila mmoja wenu mwenye mama au bibi anayepika kitu kinachopendwa nyumbani, aende na mizani ndogo. Asiulize "vijiko vingapi", maana mzee atamjibu "kiasi". Amwache mzee achote mwenyewe kwa mkono wake, kisha kabla hakijaingia chunguni kipite kwenye mizani, na gramu ziandikwe. Aulize pia mayai yalikuwa ya kuku gani, kopo la maziwa lilikuwa la ukubwa gani, na kikombe kile bado kipo au kilivunjika. Bibi yangu alikufa kabla sijafikiri mambo haya, na kibuyu chake cha pili hakuna ajuaye kilikokwenda. Unga wake wa mtama uliochanganywa na ndizi hatuupati tena, ijapokuwa shangazi zangu watatu huujaribu kila mmoja kwa njia yake na kugombana.

Mama nilimwonyesha hesabu yangu jioni ile ile. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta amewasha sigiri. Alitia mayai 4 ya trei kwa robo kilo ya kila kitu, akafunika, akapanga makaa, akawakataza wajukuu kukimbia. Keki iliinuka mpaka ikagusa bati. Aliikata alipokuwa bado hajaketi, akaonja, akasema sukari ya siku hizi haina utamu kama ya zamani. Kisha alichukua daftari akaandika kando ya ile 6: "za duka 4." Mchuzi wake sasa hamwiti mtu kuuonja.

Katibu wa Chama nilimpelekea hesabu hizi kwa barua. Amenijibu kwamba wameoka tena na ziwa limekauka, na anauliza kama mayai ya bata yanafaa. Nimemwambia ayapime kwanza.